Picha za reli alizoacha babu: ya duara si Nairobi, na ile ya wafanyakazi msiiguse kwanza

"Habari mtaalamu. Babu yangu alifanya kazi reli Nairobi miaka mingi, upande wa loko, akastaafu akarudi nyumbani. Alipofariki tukaachiwa sanduku la bati lenye picha na tatu ndo zinatusumbua. Ya kwanza ni kadi ya posta, jengo kubwa la duara, injini zimepangwa ndani kama vipande vya chungwa na katikati kuna meza ya kugeuzia injini, nyuma mtu ameandika kwa biro Nairobi Loco 1899. Injini zina kengele juu na kitu kama reki kubwa mbele, na ubavuni mwa moja nasoma B & O. Mjomba anasema hiyo ndiyo picha ya kwanza kabisa ya karakana ya Nairobi na kuna mtu mtandaoni anataka kuinunua. Ya pili ni ya mji, mabati mabati na uwanja mtupu, imebandikwa kwenye kadi ngumu na imegeuka manjano. Ya tatu ni wafanyakazi tu wamesimama mbele ya injini kubwa, namba inaanza na 59 na pembeni kuna neno Mount, babu ni wa tatu kutoka kushoto. Hii iko kwenye albamu ya plastiki yenye gundi na haitoki. Fundi wa studio amesema atazibandua zote azipige laminesheni. Nikubali? Na tutajuaje ya kwanza ni ya kweli? Babu alikuwa anatuambia yeye ndo alikuwa anatupa makaa kwenye hiyo injini kubwa."

Usikubali. Naanza na hilo kwa sababu mengine yanaweza kungoja wiki mbili tatu ila hilo halingoji, mpigie huyo fundi leo umwambie mmebadilisha mawazo. Laminesheni ni plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kushikana na picha pande zote mbili, na ikishashika haitoki tena, hakuna mtu duniani atakayekutolea bila kuondoka na uso wa picha. Picha ya zamani ina tabaka jembamba sana juu ya karatasi, kwa nyingi tabaka hilo ni jelatini, kitu cha jamii moja na gundi ya mifupa, na ndani yake ndo kuna chembe za fedha zinazotengeneza sura za watu. Jelatini inavuta unyevu, inavimba, inakauka, inasinyaa. Ukiichemsha ndani ya plastiki umeifungia na unyevu wake na uchafu wake wote humo humo. Nimeona picha za harusi za watu zilizopigwa laminesheni miaka ya themanini, plastiki imejikunja na sura za watu zimeondoka nayo, na hapo hata mimi sina la kufanya.

Sasa tuje kwenye wasiwasi wenyewe. Nikikuelewa unauliza mambo matatu kwa pamoja, picha ni za lini, zinalindwaje, na je mmekalia mali. Na naona familia imeshaipa picha ya kwanza uzito wote na ya tatu mmeiandika "wafanyakazi tu". Nitakuomba uligeuze hilo kabisa lakini twende taratibu.

Picha ya duara. Pole kwa mjomba, hii siyo Nairobi, na huhitaji kuniamini mimi, kadi yenyewe inasema. Anza na biro. Kalamu ya biro imeanza kuuzwa kwa watu wa kawaida baada ya 1945, kwa hiyo aliyeandika 1899 kwa biro aliandika si chini ya miaka arobaini na kitu baadaye, labda kwa kukisia, labda kwa kusikia. Maandishi nyuma ya picha ni ushahidi wa kile mtu aliamini siku aliyoandika, na hapo ndo familia nyingi zinapotea, manake wino unaonekana kama hati. Halafu angalia Nairobi yenyewe ilikuwaje 1899. Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwisho wa Mei mwaka huo. Palikuwa na mahema, vibanda vya mabati na bwawa la matope, mahali palipochaguliwa kwa sababu ndo uwanja wa mwisho wenye maji na ardhi tambarare kabla treni haijaanza kupanda kuelekea Kikuyu. Jumba kubwa la duara lililojaa injini halioti kwa miezi saba kwenye mahema.

Halafu injini. Kengele juu ya boila na ile reki kubwa ya kusukumia ng'ombe, ukiviona pamoja hivyo, kwanza fikiria Marekani. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni upana wa reli. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, kutoka Mombasa mpaka Kisumu na Kampala, na ya Tanga na ya Kigoma hivyo hivyo. Ya Marekani ni milimita 1,435, upana ule ule wa SGR, na SGR Kenya imefunguliwa 2017, kwa hiyo picha ya zamani ya Kenya ikionyesha njia kuu yenye reli pana hivyo lazima ujiulize mara mbili. Kwenye picha unalionaje? Tafuta injini iliyopigwa kwa mbele, uangalie mwili wake umetokeza nje ya magurudumu kiasi gani. Kwenye reli ya mita injini inaonekana kama mtu mnene amesimama miguu imebanwa, mwili unamwagika pande zote mbili. Kwenye reli pana imekaa miguu imepanuliwa. Ukishaliona mara moja huwezi kutoliona tena.

Na hiyo B & O umeisoma sawasawa, ni Baltimore and Ohio, moja ya kampuni za kwanza kabisa za reli Marekani. Walikuwa na majengo ya duara mengi kwenye njia yao, na kujua ni mji upi lazima uangalie maandishi madogo pembeni mwa kadi, mara nyingi jina la mji limechapwa chini upande wa kushoto kwa herufi ndogo sana, tumia kioo cha kukuzia. Angalia pia kitu kimoja, paa. Majengo mengi ya namna hii yalikuwa na umbo la mwezi mchanga na meza ya kugeuzia ikabaki nje uwanjani. Kama kwenye kadi yako paa limefunika kila kitu mpaka juu ya meza yenyewe basi orodha inapungua sana. B&O walijenga za kufunikwa hivyo Martinsburg huko West Virginia, na Baltimore kwenyewe pale Mount Clare, ile ya 1884 yenye pande 22, ambayo leo ni makumbusho na paa lake liliwahi kuporomoka kwa uzito wa theluji Februari 2003 wakalijenga upya.

Kwa nini duara? Watu huniuliza hili sana. Injini ya mvuke ya kawaida ina mbele na nyuma, dereva anaona vizuri na inakimbia vizuri ikitangulia boila, kwa hiyo ikifika mwisho wa safari lazima igeuzwe. Njia moja ni kuiendesha kwenye reli za pembetatu, ambayo inataka ardhi kubwa. Njia nyingine ni meza, daraja linalozunguka juu ya shimo, injini inapanda juu yake, ikikaa sawasawa uzito ukalingana wanaume wachache wanaweza kuisukuma kwa mikono. Sasa ukishakuwa na meza, ukipanga vyumba vya injini kuizunguka, meza moja inahudumia vyumba vyote, na injini ya chumba cha tano inatoka bila kusumbua ya chumba cha sita. Tofauti na banda refu ambapo ya nyuma inangoja ya mbele itoke. Injini ya mvuke haikuwa gari la kuwasha na kuondoka, ilitaka saa nyingi za kuchochewa moto, kuzolewa majivu, kuoshwa boila, kupakwa mafuta, kwa hiyo ilikuwa inalala ndani na watu wanailinda usiku kucha, na ndo maana kila jengo kama hilo lilizaa mji kando yake.

Martinsburg ni mfano ninaoupenda. Reli ilifika 1842, karakana zikafuata, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, jeshi la Kusini likaharibu injini 1861 na majengo yakachomwa 1862, kampuni ikayajenga upya 1866. Miaka kumi na moja baadaye, Julai 1877, kampuni ikakata mishahara asilimia 10, na wafanyakazi wa mji huo wakazifungua injini kutoka kwenye mabehewa wakazirudisha kwenye jengo la duara wakasema hakuna treni itakayotoka mpaka mishahara irudi. Huo ndo mgomo uliosambaa nchi nzima ukapita mji kwa mji kufuata reli. Sikuelezi ili kukupotezea muda, nataka ujue kadi ya babu ina historia yake hata kama si ya Nairobi. Labda aliipata kwa mabaharia Mombasa, labda kwa mwenzake kazini, watu wa reli wanapenda reli popote ilipo. Kwa fundi wa loko Nairobi kuweka picha ya loko ya wenzake wa ng'ambo kwenye sanduku lake miaka yote hiyo, mimi naona hilo ni jambo la heshima.

Mwaka wa kadi sasa. Geuza nyuma. Kama kuna mstari unaogawa upande wa ujumbe na upande wa anuani, ujue Uingereza waliruhusu hivyo 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907, kwa hiyo kadi ya Marekani yenye mstari ni ya 1907 kwenda mbele, ingawa picha yenyewe inaweza kuwa ya zamani kuliko karatasi. Na kuhusu huyo mnunuzi wa mtandaoni, kadi za aina hii zilichapwa nyingi. Kama anakupa bei nono kwa kuamini ni Nairobi 1899, ukichukua pesa yake umemuuzia kosa la biro. Mwambie ukweli kwanza. Na kama anajua ukweli na bado anataka "sanduku lote", hapo ndo uwe macho zaidi, manake huenda anachokitaka ni zile nyingine mbili.

Ya pili, ya mji. Hii nina hamu nayo. Karatasi nyembamba iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, rangi imekuwa ya manjano kahawia, hiyo ni dalili ya picha ya ute wa yai, kweli kabisa ute wa yai la kuku, walipaka kwenye karatasi ili ishike chumvi za fedha, na ilitumika sana kuanzia miaka ya 1850 mpaka miaka ya 1890 hivi, halafu jelatini ikaichukulia nafasi. Chukua kioo cha kukuzia uangalie sehemu nyeupe, ukiona nyuzi nyuzi za karatasi na vimipasuko vidogo vidogo sana kama udongo uliokauka, inaelekea ni ute wa yai. Ukiona uso laini umefunika nyuzi zote, na kwenye pembe za giza kuna mng'ao wa kibuluu kama kioo ukiinamisha, hiyo ni jelatini na ule mng'ao ni fedha inapanda juu, usiusugue.

Jaribio jingine rahisi, omba kuazima ile taa ya kukagulia noti bandia kwenye duka la M-Pesa. Zima taa za chumba, mulika nyuma ya picha na pembezoni. Karatasi za picha zilianza kuwekwa dawa ya kung'arisha miaka ya 1950, ikiwaka nyeupe ya kibuluu kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga basi si ya wakati wa ujenzi wa reli, ni nakala iliyochapwa baadaye. Isipowaka haijathibitisha kitu, imekuachia mlango wazi tu.

Halafu soma mji wenyewe. Reli ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, na hata baada ya hapo Nairobi iliendelea kuwa mji wa reli miaka mingi. Nyumba za mabati zilizojipanga mistari mistari sawasawa hazikujipanga zenyewe, hizo ni nyumba za wafanyakazi wa reli, jina la barabara ya Landhies huko Nairobi limebaki mpaka leo kwa sababu hiyo. Angalia miti. Nairobi ya mwanzo ilikuwa uwanja mtupu na mikalitusi ilipandwa baadaye, kwa hiyo picha isiyo na mti hata mmoja ni ya zamani kuliko yenye safu ya miti mirefu. Soko la kwanza la Wahindi lilichomwa moto 1902 kwa sababu ya tauni, ukiona msongamano wa maduka ya mbao na mabati andika hilo pia. Geuza ile kadi ngumu, tafuta muhuri wa studio. William D. Young ndo aliyepiga picha nyingi za ujenzi wa reli hii, akawa na studio yake, na jina kama hilo nyuma ya kadi lina maana kuliko mwaka ulioandikwa na mtu. Kama kuna stempu pia imekusaidia sana, "East Africa and Uganda Protectorates" ni 1903 mpaka karibu 1921, "Kenya and Uganda" ni 1922 mpaka 1935, na zikija za nchi tatu pamoja na Tanganyika ni 1935 kuendelea.

Nimefika kwa wafanyakazi.

Namba inayoanza na 59 na jina la mlima. Hiyo ni Garratt ya klasi 59, injini 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester 1955 na 1956, kila moja tani 252, kubwa kuliko zote zilizowahi kufanya kazi kwenye reli ya mita, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Garratt ina boila katikati na magurudumu mbele na nyuma, kama injini mbili zimebeba boila moja, na inakwenda vizuri upande wowote. Kwa hiyo picha yenu ni ya 1955 au baadaye, na kama kuna herufi EAR inaishia 1977, mwaka shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika. Kama tarakimu mbili za mwisho hazionekani vizuri zitafuteni kwa kuikuza kwenye kompyuta, mara nyingi namba ilirudiwa mahali pengine kwenye mwili wa injini. Mbili kati ya hizo bado mnaweza kwenda kuzishika kwa mkono, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena ziko makumbusho ya reli Nairobi.

Na makaa. Naomba mlipokee hili bila kumvunjia babu heshima. Klasi 59 ilikuwa inakula mafuta mazito, fayamani wake, yule mwenye kazi ya kutunza moto, alikaa kwenye vali akipima mafuta na mvuke na maji, hakuwa na koleo. Lakini injini za zamani kwenye njia hiyo hiyo zililishwa kuni na makaa, kwa hiyo mtu aliyeanza kazi mapema angeweza kabisa kutupa makaa ujana wake na kuishia kwenye vali za Garratt. Kumbukumbu za wazee huwa zinaunganisha injini mbili ikawa moja. Hilo halimfanyi mwongo, linakuambia ana miaka mingi kazini kuliko picha hii moja, katafuteni kadi yake ya kazi au cheti cha kustaafu humo humo sandukuni.

Kwa nini naiweka juu ya zote? Picha za magavana, mabwana wakubwa na madaraja ya reli ziko kwenye maktaba na nyumba za kumbukumbu, zina majina kamili na vyeo. Picha za fayamani, mafundi wa boila, wazoaji majivu, nyingi zimebaki kwenye masanduku ya bati mitaa ya Nairobi kama Muthurwa na Makongeni na vijijini, bila jina hata moja, na mtu wa mwisho anayeyajua hayo majina ana miaka themanini na kitu. Nyie mna picha yenye injini inayotambulika, kipindi kinachojulikana na angalau jina moja.

Kuitoa kwenye albamu ya gundi. Usivute. Kwanza ipige picha ikiwa humo humo, funua plastiki taratibu, weka albamu karibu na dirisha penye kivuli, simu iwe sambamba na picha, bila flashi. Hapo tayari una nakala hata jambo likiharibika. Halafu chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na dawa, upitishe nyuma ya pembe moja na uusogeze kama unakata sabuni, mbele nyuma, polepole, dakika kumi kwa picha moja si nyingi. Ukisikia unakwama, acha. Gundi ikikataa kabisa kata ukurasa wa albamu kuizunguka picha na uihifadhi na mgongo wake. Picha yoyote iliyogandana na kioo cha fremu, au mbili zilizogandana uso kwa uso, hizo usijaribu nyumbani, na maji usiguse, manake watu hufundishana kuloweka na kwa picha ya pili hiyo ya kwenye kadi maji ni kuiua.

Mengine ni madogo. Mikono misafi mikavu, shika pembeni. Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, kidogo, na biro ya zamani usiifute, nayo ni historia. Weka kila picha kwenye bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi, au plastiki ya poliesta, siyo ile laini inayonuka ya PVC. Sanduku lisikae chini ya bati la paa wala sakafuni, na kama ni Mombasa au kandokando ya ziwa lichunguzeni kila mwezi, ukungu unapenda unyevu. Skani kwa dpi 600, mbele na nyuma. Zile programu za kupaka rangi tumieni kwenye nakala mkipenda, ila zinabuni, rangi zitakazotoka si ushahidi wa chochote.

Kuna hali ambazo nakuambia uende kwa mtu ana kwa ana. Uso wa picha unapukutika kama magamba. Ukungu uko hai, wa unga unga na una harufu. Au sandukuni kuna negativu, zile filamu za kuchapia picha. Zikinuka siki ni asetati inaoza, zitenge na picha. Zikiwa za zamani, kabla ya miaka ya hamsini hivi, zimekuwa za kahawia na kunata, zinaweza kuwa za naitreti na hizo zinashika moto kirahisi sana, zitoe ndani ya nyumba ya kulala, weka mahali pa baridi penye hewa, usizifungie kwenye kopo, usizipige pasi wala kuziskani. Pelekeni swali Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa Nairobi au makumbusho ya reli. Mkiamua kuwapa ya asili mkae na karatasi iliyosainiwa inayosema nini kimetolewa, kwa masharti gani, na nyie mbaki na nakala nzuri. Mkiamua kubaki nayo pia ni sawa kabisa, hakuna sheria inayosema picha ya babu lazima iende makumbusho.

Lakini kabla ya yote hayo, Jumamosi hii, chapisha ile ya tatu kubwa ukubwa wa A4, mpelekee mzee yeyote wa reli aliyebaki, wa kanisani au msikitini, wa chama cha wastaafu, baba wa jirani. Usimuulize ni akina nani hawa, atachoka. Weka kidole kwenye mtu mmoja mmoja na unyamaze, washa simu irekodi. Andika majina kama anavyoyatamka, hata la utani, hata "yule Mluo wa boila", kwa namba kutoka kushoto. Ukifika wa tatu mwambie huyu ni babu yangu, halafu muulize huyu aliyesimama karibu naye alikuwa nani.